Ractis ya mwalimu wa Buhongwa: chupa 17 za dawa, oili mara 6, na kidude kimoja kilichokuwa hakipo

Septemba 2025 alinipigia mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Buhongwa hapa Mwanza, ana Toyota Ractis ya cc 1,500 injini ya 1NZ, akaniuliza kama naweza kumtafutia dawa ya injini iliyo kali kuliko anayotumia maana hii anaona gari imeshaizoea. Nikamuuliza mama, kwani gari inaumwa nini? Akasema inakula mafuta, ikisimama inatetemeka, mdomo wa eksozi mweusi, alafu oili inaharibika haraka mno. Nikamwambia usinunue kitu kwanza, niletee gari Nyakato Jumamosi na kama una risiti zozote njoo nazo.

Mimi ni fundi umeme wa magari na kazi yangu kubwa siku hizi ni kupima magari kwa mashine, kwahiyo watu wa aina hii nawapata sana, mtu ameshazunguka gereji tatu, ameshamwaga hela, anakuja kwako amechoka. Tofauti ya huyu mama ni kwamba risiti hakuja nazo, alikuja na kaunta buku. Kila kitu kimo: tarehe, kilomita, lita alizoweka, bei, chupa gani imewekwa na gari ilijisikiaje wiki hiyo. Bila lile daftari nisingeandika hiki kisa, ningekuwa nasimulia tu.

Tukakaa tukajumlisha. Kuanzia Januari mpaka mwisho wa Agosti 2025 ametembea kama km 9,000. Ndani ya hizo km ameweka dawa ya petroli chupa 17, moja shilingi 12,000, karibu kila akijaza tenki. Amebadilisha oili mara 6, yaani kila km 1,500, oili na filta yake 58,000 kila safari. Na kila akibadili oili anaongeza na chupa ya dawa ya oili, ile nzito kama asali, 18,000. Jumla 660,000 kwa miezi minane kwa mshahara wa mwalimu, na gari inakula vilevile, km 9.4 kwa lita wakati gari kama hii ikiwa nzima kwa matumizi yake inatakiwa ipite 12.

Matumizi yake yanabeba nusu ya kisa, ndo maana nayaeleza. Anafundisha upande wa Mkolani, kwahiyo asubuhi anawasha gari anatembea km chache anazima, jioni anarudi, labda anapitia sokoni Nyegezi, anazima tena. Mara mbili kwa mwezi anaenda Sengerema kumwona mama yake. Huko nyuma safari hiyo ilikuwa ya kivuko, unakaa foleni Kigongo gari inawashwa inasogea hatua mbili inazimwa, na yeye alikuwa na imani kubwa kwamba daraja likifunguliwa ulaji utashuka. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, unavuka zile km 3 kwa dakika chache hujagusa breki. Daftari linasema Julai gari imekula sawasawa na Mei. Hapo ndo nilianza kushtuka, gari imepunguziwa kazi lakini ulaji haujapungua, maana yake haya mafuta hayaliwi na safari, kuna kitu kinayala muda wote injini ikiwa inawaka.

Kitu cha kwanza nilichofanya sikuchomeka hata mashine, nilichomoa stiki ya oili. Gari imepoa, iko sehemu tambarare. Nikafuta, nikarudisha, nikachomoa tena. Oili iko juu ya alama ya F (fulu, kiwango cha mwisho), imeipita kama upana wa kucha ya dole gumba. Nikamuuliza, mama walikuongezea oili lini? Akajibu kwa furaha kabisa, "Mwanangu, hii gari haijawahi kuongezewa oili hata siku moja, hainywagi oili, ndo kitu pekee inachonifurahisha." Sasa hiyo oili iliwekwa ikiwa kwenye alama, mwenyewe kaandika, imetembea km 1,100 na imepanda. Oili haizai. Ikipanda kuna kitu kimeingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kwa kawaida ni kimoja kati ya viwili, maji ama petroli.

Nikadondosha tone moja kwenye ukurasa mweupe wa lile lile daftari, tukauacha juu ya boneti tukanywa chai. Baada ya dakika ishirini katikati pana kiini cheusi na kimezungukwa na duara pana la rangi ya chai ya rangi, limetambaa mpaka kwenye mstari mwekundu wa pembeni. Oili nzima haikimbii hivo. Nikanusa stiki, nikampa na yeye anuse. Akaniangalia tu. Ni petroli, haihitaji mashine kujua.

Nikafungua mfuniko wa oili juu, chini yake kuna kitu kama uji wa kahawa ya maziwa. Huo uji ulikuwa umeshamtia hofu, maana gereji moja ilimwambia hedi gasketi imeungua, maji yanaingia kwenye oili, na wakamwandikia na bei ya kufungua injini. Nashukuru hakuwa na hela siku hiyo. Maji ya rejeta hayapungui, hamna mapovu, hamna moshi mweupe ukishatembea, gasketi ni nzima. Ule uji ni mvuke tu. Petroli ikiungua inatoa maji, kila injini inatengeneza maji, ila injini yenye moto wake yanapaa kama mvuke na kutoka kwenye kipumulio, injini baridi yanaganda juu pale kwenye mfuniko. Plagi nazo nikazitoa zote nne, nyeusi tii, kavu, ukipitisha kidole unatoka na masizi kama ya chungu cha kuni. Hiyo ni injini inayopewa petroli nyingi kuliko inayoweza kuchoma.

Ndo nikachomeka mashine tukatoka nayo, barabara ya Musoma, Igoma mpaka Kisesa na kurudi. Nilikuwa naangalia namba moja tu, joto la maji ya injini. Njia nzima inacheza nyuzi 61, 64, 66. Tumerudi Buzuruga tumekuta foleni ikapanda 72, foleni imeachia ikashuka tena. 80 haikuigusa hata mara moja. Injini hii inatakiwa itembee kwenye 85 mpaka 90 na kitu. Nikamuuliza, mama ile taa ya bluu ya dashibodi asubuhi inazimaga ukiwa wapi? "Ile ya bluu? Inawakaga mpaka nakaribia shule." Alikuwa anaiona ni taa nzuri maana sio nyekundu. Ile taa ni gari inakwambia bado nina baridi, na gari yake ilikuwa inamwambia hivyo kila asubuhi kuanzia Januari.

Kurudi gereji nikafungua pale inapokaa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Mtupu. Thamostati haipo, hata raba yake ya duara haipo, wamepaka silikoni wakafunga. Nikaangalia feni ya rejeta, imeungwa waya moja kwa moja kwenye swichi, ukiwasha gari na yenyewe inawaka, iwe saa kumi na moja alfajiri iwe mvua inanyesha.

Historia yake ikatoka hapo. Januari, kwenye foleni ya kivuko, gari ilichemsha. Mota ya feni ilikuwa imeungua. Fundi aliyempata njiani akamwekea feni ya mtumba, akaiunga moja kwa moja ili isimsumbue tena, na akatoa thamostati akimwambia nchi yetu ni ya joto hiyo ni ya magari ya Ulaya. Yule fundi siwezi kumtukana, alimkuta mama yuko juani na mvuke unatoka kwenye boneti na alimtoa pale akafika kwa mama yake. Kinachoniuma ni kwamba msaada wa njiani uligeuka kuwa matengenezo ya kudumu, hamna aliyemwambia ukifika Mwanza nenda karudishe. Na hili la kutoa thamostati nalikuta kwenye magari mengi mno hapa mjini, limekuwa kama sehemu ya sevisi.

Watu wananiuliza, joto lote hili la Mwanza injini inapataje baridi? Ndugu yangu, Mwanza mchana ni 28, 30. Injini inataka karibu 90. Kati ya 30 na 90 kuna safari ndefu, na rejeta ikipewa maji muda wote na feni ikipuliza muda wote hiyo safari haiishi. Thamostati ni kamlango kadogo ambako ndani kana kidonge cha nta, nta ikipata joto inatanuka inasukuma mlango. Kwenye injini hii inaanza kufunguka kwenye 80 mpaka 84. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu hayaendi kwenye rejeta, injini inapata moto haraka, ikishapata ndo mlango unafunguka kidogo kidogo. Ukiitoa mlango uko wazi siku zote. Na kama gari ilichemsha kwasababu feni imekufa, kutoa thamostati hakujaponya feni.

Sasa kompyuta ya gari inasoma sensa ya joto inaona 62, inaamini gari imewashwa sasa hivi, inaongeza petroli kama inavyotakiwa kwa injini baridi. Inaongeza asubuhi, inaongeza Usagara, inaongeza Busisi, inaongeza miezi minane. Ile petroli ikikutana na kuta za silinda zisizo na moto haigeuki mvuke yote, nyingine inateleza ukutani, inaosha ule utando wa oili, inapita kwenye ringi za pistoni inashuka kwenye sampu. Na oili yenyewe haipati moto wa kuipaisha itoke. Ni kama kukaanga dagaa kwenye mafuta ambayo hayajachemka, dagaa wanayanywa yale mafuta na hawakauki.

Nilichofanya nilikifanya kimoja kimoja, na hili nalisisitiza maana gari ikibadilishiwa vitu vitano siku moja hutajua kilichoiponya ni kipi. Kwanza nikaweka thamostati mpya na raba yake, 32,000, nikaosha rejeta iliyokuwa na maji ya kutu nikaweka kulanti (maji maalumu ya rejeta), nikarudisha feni kwenye rilei yake iwake pale kompyuta inapoamuru. Nikamwaga ile oili, ilitoka nyepesi inadondoka kama maji ya kunawa, nikaweka mpya 5W-30, lita 3.7 pamoja na filta, bila dawa yoyote ndani. Plagi nikazirudisha zile zile nyeusi, makusudi. Petroli akaweka sheli ile ile bila chupa. Tenki tatu za kwanza daftari likasema km 11.6 kwa lita. Hapo ndo nikabadilisha filta ya hewa na kujaza upepo, matairi yalikuwa chini sana ya kilichoandikwa mlangoni, ikaja 12.3. Mtetemo ulibaki kidogo, nikasafisha throto bodi, pale inapoingilia hewa ya injini, ukaisha. Baada ya km 2,000 nikachomoa plagi moja, imekuwa ya kahawia mpauko kama udongo mkavu. Masizi yaliungua yenyewe injini ilipopata moto wake, hakuna aliyeyasafisha.

Tuipige hesabu upande wa mafuta. Km 9,000 kwa 9.4 ni lita 957, kwa 12.3 ni lita 732. Tofauti lita 225. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi kwahiyo bei inacheza, ila weka 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, ni 675,000 imeungua bure, nje ya ile 660,000 ya chupa na oili. Kwa kidude cha 32,000.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, je zile dawa hazikuwa na kazi? Hapa watu wanagawanyika pande mbili wanatukanana bure, mmoja anasema zote ni maji ya rangi, mwingine anasema bila dawa gari haiendi. Dawa ya petroli ya kusafisha nozeli, vile vidude vinavyopuliza petroli, ni kitu cha kweli. Zile nzuri zina sabuni inaitwa polietha amini, inatoa uchafu kwenye nozeli na kwenye valvu. Umuhimu wa sabuni kwenye petroli wenzetu wanaujua muda mrefu, Marekani ni sheria tangu 1995 petroli iwe nayo, na mwaka 2004 makampuni ya magari yakiwemo Toyota, Honda, BMW na General Motors yakaanzisha daraja la juu zaidi, TOP TIER. Mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kilipima petroli yenye hiyo alama na isiyo nayo kwa jaribio la maili 4,000, isiyo nayo ikaacha uchafu mara 19 zaidi. Kwahiyo atakayekwambia sabuni ya petroli ni uongo mtupu hajui anachosema.

Lakini sabuni inasafisha uchafu uliopo, haizuii anayechafua. Huyu mama alikuwa anadeki sakafu huku bomba limepasuka. Wiki moja baada ya chupa anaandika "imechangamka kidogo", wiki ya pili "imerudi vilevile", ukifuata zile kurasa hiyo sentensi inajirudia mpaka inatia huruma. Na nyuma ya chupa yenyewe imeandikwa itumike kila km 5,000, yeye anaweka kila tenki, kwa km zake zote zile chupa mbili zingetosha. Sabuni nyingi inashuka na yenyewe kwenye oili pamoja na petroli isiyoungua.

Na wenye magari ya injini za D4 nawaomba wasikilize hapa. D4 inapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, haipiti mgongoni mwa valvu za kuingizia hewa. Kwahiyo dawa ya kwenye tenki itasafisha nozeli, ila zile valvu haizigusi hata kidogo, na kwenye D4 ndo zinazojaa uchafu kuliko kwingine. Kama valvu zimeziba ni kufungua na kusafisha kwa mkono, chupa haitafika huko hata uweke katoni.

Wengine wananunua dawa kwa hofu ya mafuta ya kuchakachuliwa. Hofu hiyo ina mizizi, miaka ile petroli ilikuwa inachanganywa na mafuta ya taa mpaka 2010 mafuta yakaanza kuwekwa vinasaba, yaani alama ya siri ya kuyatambua. Lakini kama mafuta ya taa yamo kwenye tenki, sabuni haiyatoi. Hiyo ni kumwaga tenki, na kuhama sheli.

Dawa ya oili ndo sielewani nayo. Oili ikitoka kiwandani tayari ina dawa zake ndani, ina sabuni, ina vitu vya kushika masizi yasigande, ina zinki ya kulinda vyuma visisagane, ina vitu vya kuifanya isilegee kwenye joto, na vyote vimepimwa vikae pamoja. Ukimimina chupa nyingine unavuruga vipimo vya watu waliopima. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa Slick 50, dawa ya oili iliyokuwa maarufu sana duniani, kwa kudai inapunguza kusagana kwa injini bila ushahidi wa kutosha, na 1997 wakakubali kuacha madai hayo. Sasa nikamuuliza mama, wewe ukiweka unaona nini? Akasema injini inatulia, mlio unapungua. Nikamwambia ni kweli kabisa, hujakosea. Oili yako ilikuwa imelegezwa na petroli, ukimimina kitu kizito kama asali inarudi uzito, mlio unapungua. Ila umefunika sauti ambayo ingekufanya utafute ugonjwa mapema.

Alafu oili yenyewe, hapa ndo watu wengi wanashangaa msimamo wangu. Mwanae anayesoma Dar alikuwa anamwambia mama unaibiwa, hamna gari inayobadilishwa oili kila 1,500. Nami nasema zile oili 6 ndo zimeokoa ile injini. Oili iliyojaa petroli haina nguvu ya kutenganisha chuma na chuma, angeenda nayo km 5,000 kama kadi ya pale kwenye usukani inavyosema, leo tungekuwa tunaongelea beringi za krenki. Alifanya jambo sahihi bila kujua sababu yake, na sababu ilipotoka, ile ratiba nayo ikakosa kazi.

Maana injini nzima haifaidiki na oili ya kila 1,500. Toyota kule kwao Japani wanasema magari ya petroli yasiyo na tabo (turbo) ni km 15,000 au mwaka mmoja, na kwa matumizi magumu nusu yake, 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu wanayataja: vumbi na barabara mbovu, safari fupi fupi, kuunguruma muda mrefu bila kutembea, kupanda milima. Angalia mji wetu, mtu anakaa juu ya mawe Isamilo au Bugarika anapanda na kushuka kila siku, barabara za ndani vumbi, safari nyingi za mtaa na mtaa, sisi tuko kwenye ugumu tu. Ile km 3,000 ya kubadilisha oili wanayoisema mafundi wetu imetoka kwenye enzi za oili namba 40, na Wamarekani nao walikuwa na 3,000 yao ila yao ni maili, karibu km 4,800, watu wanazichanganya. Kwa mama nimempangia oili nzuri kila km 5,000 au miezi sita, inayotangulia. Na ile habari ya "imekuwa nyeusi toa" naomba iishe, sabuni ya oili kazi yake ni kubeba masizi, oili inayobeba masizi lazima iwe nyeusi. Angalia imepanda au imeshuka kwenye stiki, nusa, weka tone kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo gereji hatupendi kulisema. Oili 6 za lita 3.7 ni lita 22 za oili chafu kwa gari moja dogo. Sehemu kubwa ya oili za gereji zetu inamwagwa chini, mvua ikija inateremka mitaroni, mitaro inaenda mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na sehemu kubwa ya maji ya mji huu inavutwa ziwani pale Capri Point. Mimi ya kwangu naweka kwenye madumu wanakuja kuchukua watu wa mashine za mbao. Sio suluhisho kamili lakini haiendi mtoni.

Desemba alirudi, zimetimia km 3,000 tangu thamostati irudi. Nilimwambia tubadilishe hapo mara hii moja, ibebe uchafu uliobaki, alafu ndo tuanze ratiba ya 5,000. Nikachomoa stiki, oili imeshuka kidogo chini ya F, unywele hivi. Akashtuka, "Mwanangu mbona sasa imeanza kunywa oili?" Nikamweleza ilikuwa inakunywa siku zote, injini ya umri ule lazima ilambe kidogo, ila petroli ilikuwa inaingia inajaza nafasi. Cheni ya injini asubuhi ukiwasha inalia sekunde moja inanyamaza, nayo nilimwambia ukweli, huo ni uchakavu wa ile miezi ya oili nyepesi, hauondoki kwa chupa wala kwa oili, tutaendelea kuusikiliza.

Alikuwa amebakiwa na chupa mbili kwenye buti, moja ya petroli moja ya oili. Ya petroli nikamwambia iweke tenki linalofuata, fulu tenki, siku unayoenda Sengerema ili ifanye kazi injini ikiwa na moto, kisha usinunue nyingine mpaka ukate 5,000. Ya oili nikamwomba airudishe dukani, wakikataa asiiweke tu. Kabla hajaondoka akanifungulia kaunta buku ukurasa ule wa Septemba, akaniambia niweke tone jingine pembeni ya lile la kwanza. Tukasubiri tena. Kiini cheusi, na pembeni yake kaduara kembamba ambako hakakufika hata nusu ya njia ya kwenda kwenye mstari mwekundu. Akachukua kalamu akaandika chini yake tarehe na kilomita.